Shemeji, dafu lako silinywi

Mkojo wangu wa siku nzima hauzidi glasi ndogo ya chai, mililita 200 hivi. Daktari anachukua kiasi hicho, anajumlisha mililita 500 kufidia kinachopotea kwa jasho, kwa pumzi na chooni, na hapo unapatikana mgao wangu: mililita 700 kwa saa 24. Humo humo imo chai ya asubuhi, umo mchuzi, umo uji, limo chungwa, imo barafu ya kumumunya, yamo na maji ya kumezea vidonge. Nami naishi Mikindani, ambako mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, shati linalowana ukiwa umekaa tu barazani.

Nilifundisha kemia na baiolojia sekondari mpaka nikastaafu. Figo zangu zimeharibiwa na presha, ugonjwa usiopiga hodi. Siku tatu kila wiki napanda daladala kwenda Mtwara mjini, nalala kando ya mashine kwa saa nne, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Ndugu na majirani wananipenda, na mapenzi yao yanakuja kwa njia ya ushauri. Mwalimu, kunywa maji mengi yakusafishe figo. Mwalimu, dafu ndiyo dawa. Aliyeshikilia kuliko wote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye minazi Naumbu. Hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Anashusha madafu kwenye pikipiki, anachukua panga, anafungua moja, ananikabidhi. Nikimwambia, "Ahsante shemeji, wape watoto," anakunja uso. Mara ya mwisho alimlalamikia dada yake kwamba ninamdharau.

Haya basi, shemeji. Kila nikianza kukueleza unanikatiza, kwa hiyo nimekuandikia. Wengine mnaruhusiwa kusoma.

Figo nzima zinachuja lita 180 kila siku. Maji ya damu yenyewe ni lita tatu hivi, maana yake ni yale yale yanapitishwa kwenye chujio kama mara 60 kati ya alfajiri moja na nyingine. Karibu yote yanarudishwa. Kinachomwagwa ni lita moja na nusu au mbili. Kila mwaka darasani hakukosekana mwanafunzi wa kuuliza kwa nini figo zijitaabishe kutoa lita 180 ili zimwage mbili. Nililipenda sana swali hilo. Kwa njia hiyo figo zinaweza kutoa hata sumu zisizozijua: karibu kila kitu kidogo kilichoyeyuka kinatolewa kwanza, halafu kinachotakiwa ndicho kinachookotwa na kurudishwa, sukari yote, chumvi kwa kiasi chake, maji kulingana na hali ya siku. Ukishinda kwenye mikorosho bila maji, ubongo unatoa homoni ya kubana mkojo, nao unatoka kidogo, mzito, wa njano iliyokolea. Ukinywa maji kupita mahitaji, homoni inashuka na muda si mrefu unakojoa mkojo usio na rangi. Hakuna anayekaa kikao kuamua hayo.

Kwangu kazi hiyo imehamia kwenye daftari na mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Wauguzi wameniwekea kitu kinachoitwa uzito mkavu, yaani uzito wangu nikiwa sina maji ya ziada, na kila nikifika wananipima kabla sijakaa. Kilichozidi ni maji, na ndicho kinachotakiwa kuvutwa siku hiyo. Ukiongeza mengi mno kati ya mashine na mashine, yanatafuta pa kukaa: kwanza miguuni, kisha kwenye mapafu, na ukilala chali unahisi unazama. Ndiyo maana, shemeji, siku ile homa iliponipata ukasema niongezewe maji, nilikataa dripu. Kwa mtu mwingine chupa ile ni nafuu ya haraka. Mimi ingeingia nusu lita isiyo na mlango wa kutokea.

Kabla hatujajua ninaumwa nini, nilikuwa navimba uso asubuhi na miguu jioni. Sokoni wakanipongeza. "Mwalimu umenawiri, pensheni imekukubali!" Mke wangu ndiye aliyenibonyeza muundi kwa kidole gumba, akatoa kidole, akangoja. Kishimo kilibaki pale pale. Akabonyeza na mguu wa pili, kikabaki vilevile. Hakusema neno. Kesho yake alfajiri alikuwa ameshapanga khanga na mswaki kwenye mkoba wa kulazwa.

Kiu je? Wengi wanadhani kiu yangu inatokana na joto. Joto limo, ila mwenye kesi ni chumvi. Angalia dripu ya kawaida ya maji ya chumvi: lita moja ina gramu 9 za chumvi, kwa sababu hicho ndicho kiasi kinachokaribiana na damu. Sasa pindua hesabu. Ukila gramu 9 za chumvi, mwili wako utadai lita nzima ya maji ili mambo yawe sawa. Sodiamu ya damu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, inatakiwa iwe kati ya milimoli (kipimo cha kuhesabia chembe) 135 na 145 kwa lita, na ukali wa damu ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu ubongo unawasha kiu. Huwezi kuishinda kiu hiyo kwa ujasiri. Inabidi usiiwashe.

Bahari niliyonayo hapa mbele ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya dripu. Wavuvi wetu wanajua kwamba aliyepotea baharini akianza kunywa maji ya bahari amejimaliza, wengine wanasema anarukwa na akili. Sababu iko kwenye figo. Hata zikiwa nzima, figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kuliko maji ya bahari, kwa hiyo kila kikombe anachokunywa kinamgharimu zaidi ya kikombe kukitoa. Anakauka huku akinywa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na huyo ni mtu mwenye figo nzima. Ng'onda na papa mkavu nimeviaga. Kuna wakati naupita ule upande wa soko wenye samaki wakavu kwa kuzungukia nyuma, si kwa harufu mbaya bali kwa harufu nzuri. Mke wangu amehamia kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, na kolekole wake wa kuchoma sasa ni mtamu kuliko alivyokuwa zamani. Hilo ninalisema akiwa hayupo. Jirani mmoja alinishauri ninunue ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha. Wenye figo kama zangu wasiiguse. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni potasiamu kloraidi, na potasiamu ndiyo inayonifikisha kwenye dafu lako.

Sodiamu na potasiamu zimegawana mwili. Sodiamu inakaa zaidi nje ya seli, potasiamu ndani: asilimia 98 ya potasiamu yote uliyonayo imefungiwa ndani ya seli, hasa za misuli. Nje, kwenye damu, inaruhusiwa kidogo tu, milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Mgawanyo huo haukai wenyewe. Kwenye utando wa kila seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, na Mdenmark Jens Skou aliyeigundua mwaka 1957 alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1997. Umeme unaopiga moyo unatokana na tofauti hiyo ya ndani na nje. Potasiamu ya nje ikipanda sana, tofauti inapungua, na moyo unaanza kukosea mapigo. Haumi kwanza ndipo ukose mapigo. Unaweza kusimama bila kuonya.

Wenye figo nzima wanakula ndizi nne, wanakojoa potasiamu iliyozidi, habari imekwisha. Na maji ya dafu, shemeji, lita moja ina potasiamu mara kumi au zaidi ya ile iliyomo kwenye lita moja ya maji ya damu. Ndiyo sifa yake, ndiyo sababu mtu aliyetoka shambani akilinywa anaona uhai umerudi. Sifa hiyo hiyo ndiyo itakayoniua.

Unadhani nakuza mambo. Basi nikusimulie ya mwenzetu mmoja, mzee kutoka Msangamkuu, mvuvi wa zamani, ambaye kiti chake kiko jirani na changu. Kati ya mashine zetu tatu za wiki kuna pengo moja refu la siku mbili, na wenye ugonjwa huu tunaliogopa. Pengo hilo lilimkuta kwenye harusi ya mjukuu. Akanywa madafu. Aliingia wodini ameshikwa mabega na vijana wawili, akisema miguu si yake. Maumivu hana, kifua hakimbani, amechoka tu. Sista alimwangalia mara moja, akaacha alichokuwa anafanya, akambandika nyaya kifuani. Karatasi ikatoka na mawimbi yenye ncha, marefu, yamesimama kama mahema. Potasiamu ilikuwa 7.4.

Kilichofuata kilikuwa darasa zima la fiziolojia, na mimi nimefungwa kwenye mashine yangu siwezi kunyanyuka. Kwanza walimchoma kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, macho kwenye skrini. Kalsiamu haiondoi potasiamu hata chembe; inautuliza moyo tu ili upatikane muda. Kisha wakaleta insulini pamoja na glukosi. Mzee akafoka, "Mimi sina kisukari!" Sista akamjibu, "Najua baba, tulia." Insulini inazisukuma seli ziingize sukari, na pia inaichochea ile pampu ya Skou, basi potasiamu inarudi ndani. Halafu wakamvalisha barakoa yenye mvuke wa salbutamo, dawa ya wenye pumu, inayofanya kazi kama hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kutoka ndani ya barakoa tukasikia, "Wala pumu sina!" Wodi nzima tulicheka, naye akacheka. Hata hivyo yote hayo ni kuificha potasiamu kwenye seli kwa saa chache. Kuitoa hasa ni mashine, nayo ilikuwa inaandaliwa wakati ule ule.

Tatizo ni kwamba kusini hii tumezaliwa juu ya potasiamu. Korosho ninayo uani, na korosho ina potasiamu na fosforasi kwa wingi, na kila mgeni anayetoka minadani ana kifuko. Mbaazi, potasiamu. Kisamvu, potasiamu. Ukwaju, nyingi mno. Tui la nazi, nalo limo. Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani mkubwa: sheria imeniruhusu kula kwa sababu ya maradhi, nalisha maskini, lakini futari tunakaa wote, na ukiitazama meza ya futari ya Mtwara kwa jicho la maabara unaweza kukimbia. Muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, ming'oko, tende. Ming'oko ndiyo inayoniuma roho. Ni viazi pori jamii ya viazi vikuu, na kuikatakata na kuiloweka ni kuivunjia heshima. Nimeiacha.

Muhogo mke wangu ameuokoa. Anaumenya, anaukata vipande vidogo vyembamba, anauchemsha kwenye sufuria kubwa yenye maji mengi, anayamwaga yote, anatia maji mapya, anauchemsha tena mpaka uive, anayamwaga na hayo. Potasiamu inayeyuka kwenye maji na sehemu kubwa inakwenda nayo. Utamu nao unakwenda kiasi, siwezi kudanganya. Mara ya kwanza mama mkwe alipomwona anamwaga maji ya muhogo mara mbili alimuuliza kama muhogo ni wa sumu.

Tena, shemeji, ile achari ya mbirimbi uliyoletewa na wageni, usinisukumie. Birimbi ina oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kuganda fuwele ndani ya figo. Huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu waliopata madhara ya ghafla ya figo kwa kunywa juisi yake nzito. Hao walikuwa na figo zinazofanya kazi.

Sasa tindikali. Vumilia kidogo hapa, kemia ndiyo iliyonilisha mimi na dada yako.

Samaki, nyama na kunde vina protini, protini ina salfa, na salfa hiyo ikitumika mwilini inaishia kuwa tindikali ya salfuriki, ile ile niliyokuwa nawakataza wanafunzi kuishika. Kiasi ni kidogo, lakini hakikomi. Mtu wa kilo 70 anazalisha kama milimoli 70 za tindikali ya namna hiyo kwa siku, na mapafu hayawezi kuitoa kwa kuwa haigeuki hewa. Figo ndizo zinazoitoa kwenye mkojo, imefungwa kwenye amonia na fosfeti, na kwa kila tone linalotoka zinatengeneza bikaboneti mpya, kitu cha kupooza tindikali, kurudisha kwenye damu. Mapafu yana zamu yao: tindikali inayogeuka hewa ya kabonidioksidi, ambayo ni nyingi zaidi, inatoka kwa kupumua.

pH ya damu, kipimo ambacho kikishuka ujue tindikali imepanda, inatakiwa ikae kati ya 7.35 na 7.45. Ukizitazama namba unashangaa mwili unahangaika na nini. Sodiamu ipo milimoli 140 kwa lita. Ioni za haidrojeni, zenye kuleta hiyo tindikali, ni nanomoli 40, pungufu mara milioni tatu na nusu. Zikiongezeka kidogo, protini za mwili zinabadilika umbo, vimeng'enya vinazembea, moyo unalegea.

Siku niliyolazwa, bikaboneti yangu ilikuwa 11, wakati ya mtu mzima mwenye afya haishuki chini ya 22. pH ilisoma 7.27, yaani ioni za haidrojeni zimepanda kutoka 40 hadi kama 54. Nilikuwa nahema. Pumzi ndefu, za kina, zisizokoma, hata nikiwa nimelala. Mke wangu alidhani pumu. Kifua kilikuwa safi. Ubongo ulikuwa umeipima tindikali ukaamuru mapafu yatupe kabonidioksidi kwa nguvu, maana kila inayotoka inapunguza tindikali kwenye damu. Upumuaji huo una jina la daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliyeueleza mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari. Muuguzi aliyenipokea hakukimbilia kunipima kifua. Alisimama miguuni pa kitanda akaniangalia ninavyopumua, kimya, kisha akasema, "Mwalimu huyu hana pumu, mchukueni damu."

Kinywani nilikuwa na ladha ya chuma, na mke wangu, kwa adabu, alikuwa ameanza kunigeuzia mgongo usiku. Yurea, taka inayotokana na protini, ikijaa kwenye damu inafika hadi kwenye mate, bakteria wa kinywani wanaivunja, inakuwa amonia. Nilifundisha amonia miaka yote, nikawafundisha kuitambua kwa harufu, na yangu sikuisikia.

Nilianzishiwa vidonge vya sodiamu bikaboneti. Dada yako alipojua ni ndugu wa magadi tunayotia kwenye mbaazi, aliuliza swali la maana: kwa nini tusiongeze magadi kwenye chakula tukaokoa hela ya dawa? Kwa sababu magadi yanakuja na sodiamu isiyopimwa, na sodiamu inakuja na kiu. Daktari anahesabu zote mbili pamoja. Na hapa niseme neno kuhusu wale wanaonitumia matangazo ya maji ya alkali, chupa moja bei ya kilo ya mchele. Maji hayo yakifika tumboni yanakutana na tindikali yenye pH ya 2 hivi, na hapo safari ya alkali imekwisha. pH ya damu iko mikononi mwa mapafu na figo. Mwenye figo nzima hayahitaji, na asiye nazo hayamsaidii chochote zaidi ya kumjazia mgao.

Bikaboneti yangu sasa naipata kwenye mashine yenyewe, na mashine ile nimeipenda kuliko inavyofaa mgonjwa kupenda. Ni kidato cha pili kitupu. Unakumbuka punje ya pamanganeti tuliyokuwa tunaitumbukiza kwenye bika ya maji, zambarau inasambaa yenyewe mpaka kote kunakuwa rangi moja? Kitu kinatoka kilipo kingi kwenda kilipo kidogo. Mwanakemia wa Kiskoti, Thomas Graham, aliipa jina la dayalisisi mwaka 1861 kazi ya kutenganisha vitu kwa utando namna hiyo. Damu yangu inapita upande mmoja wa utando mwembamba. Upande wa pili kunapita maji yaliyopimwa. Potasiamu yake ni kidogo, kama 2, basi ya kwangu inahamia huko. Bikaboneti yake ni nyingi kuliko yangu, basi inahamia kwangu. Sodiamu yake inalingana na yangu, basi haina sababu ya kuhama sana. Yurea hawakutia kabisa. Aliyeandika mapishi hayo alikuwa mtu mwenye akili.

Wa kwanza kuifanya dayalisisi isafishe damu ya binadamu kwa namna iliyozaa mashine zetu ni daktari Mholanzi, Willem Kolff, mwaka 1943, mjini Kampen, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Alitumia mirija ya selofani iliyokuwa ya kutengenezea soseji, ameizungushia pipa. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 akapona mwanamke wa miaka 67. Na mpaka mwaka 1960, Belding Scribner alipobuni huko Seattle mrija wa kuacha kwenye mkono, ilikuwa haiwezekani kumfanyia mtu mmoja kila wiki, kwa sababu mishipa ilikuwa inaisha.

Kinachonishangaza hapa kwetu ni maji. Mashine inapitisha mililita 500 kila dakika kwa saa nne: lita 120 kwa mgonjwa mmoja, kwa awamu moja. Na lazima yawe yamechujwa kuliko maji ya kunywa, maana utando mwembamba ndio pekee unaoyatenganisha na damu. Miaka ya 1970 wagonjwa wa nchi zilizoendelea waliharibika ubongo kwa alumini iliyokuwa kwenye maji ya mashine. Mimi ninayeruhusiwa kunywa mililita 700 natumia lita 120 kwa kulala tu. Wenzetu wa Newala waliokua wakifuata maji bondeni chini ya uwanda wa Makonde, ukiwaambia hilo, wanatikisa kichwa.

Shemeji, najua utasema: mbona mjukuu alipoharisha uliamuru anyweshwe kila dakika, na mimi nikaleta dafu ukalikataa hata kwake? Ni kweli. Masika ile nyumba ilikuwa na watu wawili wa kupimiwa, yeye ili anywe zaidi, mimi ili ninywe kidogo. Kuharisha kunamwaga sodiamu kwa wingi, pamoja na bikaboneti na potasiamu. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kunywa, ikichanganywa na lita moja ya maji inatoa sodiamu milimoli 75, potasiamu 20, glukosi 75, na sitreti ya kurekebisha tindikali. Glukosi haipo kwa ajili ya utamu: ukutani mwa utumbo kuna mlango unaopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata, hata kipindupindu kikiwa kimeharibu mambo mengine. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilipokuwa zinaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu chumvi na sukari vilivyopimwa, na vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Dafu lina potasiamu tele na sodiamu haba, na mtoto anayeharisha anahitaji hasa kile lisichokuwa nacho. Tulimpa ORS na zinki. Dafu alikunywa dada yako, nadhani hakukwambia.

Usidhani naishi kwa kunyimwa tu. Saa ya kwanza ya mashine ndiyo yenye uhuru: daktari wetu anaruhusu kitu kidogo chenye potasiamu, kwa kuwa kitakachoingia kitavutwa kabla hatujafunguliwa. Mimi nachagua ndizi moja ya kisukari, naila polepole, na mkono wa pili umenyooshwa kwenye mirija. Mzee wa Msangamkuu analeta korosho zisizotiwa chumvi kwenye karatasi, na sista anazihesabu moja moja kabla hajamruhusu. Juzi walibishana muda mrefu kama iliyopasuka vipande viwili ni moja au mbili.